Nusu Irudi Korogwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshitakiwa kwa kosa la kutaka kumpa mjukuu wangu zawadi. Sicheki, na wewe usicheke. Nilipanda kitandani na hasira, na hasira yenyewe ina asili yake, kwa hiyo nianze nayo.

Mie ni Siwema Shekigenda, fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Manundu, Korogwe, mwaka wa thelathini na moja sasa. Binti yangu Zulfa kaolewa Japani. Mumewe, Shuhei, alikuja huku kufundisha watu kutengeneza pampu za visima. Akatengeneza pampu, akaondoka na mwanangu. Sina ugomvi naye, ni kijana mpole, anakula makande bila kulazimishwa. Siku ishirini na nne zilizopita wamepata mtoto wa kike, anaitwa Sumire. Ndiye mjukuu wangu wa kwanza na wa pekee, na sijamwona ila kwenye simu, kichwa tu, tena mtandao ukisumbua anabaki nusu kichwa.

Jana jioni Zulfa akanipigia. Anasema mtoto akitimiza mwezi anapelekwa kuombewa, ndiyo mila ya kule, na ndugu wanatoa zawadi.

"Siku hiyo nani anambeba?" nikauliza.

"Mama Shuhei. Kimila ni bibi wa upande wa baba."

"Na bibi wa upande wa mama anabeba nini?"

"Anatoa nguo ya kumfunika mtoto, Mama."

Nikasema vizuri, nguo ninayo. Nikamwambia namtumia mbeleko niliyombebea yeye mwenyewe, ile kanga ya miaka ishirini na minane, maandishi yalishafutika, imebaki laini tu. Simu ikanyamaza, nikadhani ni mtandao. Kumbe mwanangu anatafuta maneno. Akaja kunijibu taratibu, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa.

"Mama, ile hapana. Huku zawadi haiwi kitu kilichotumika, hawatakuelewa. Tuma taulo. Mpya, ziwe tano. Zisiwe nne, nne kwao ni namba ya kifo. Usitie kisu wala mkasi, vinakata udugu. Na kamba ya zawadi ifungwe fundo la kufunguka, maana uzazi ni jambo la kurudiwa, fundo lisilofunguka ni la harusi. Halafu usishangae, watakurudishia nusu ya thamani ya ulichotoa. Ndiyo adabu yao."

Nisifiche, roho iliniuma. Nilinunua taulo tano, nikazifunga, nikapiga selotepu, nikaziweka juu ya cherehani. Kuna mwalimu anasafiri Ijumaa, atazibeba. Mbeleko nikairudisha sandukuni, nikabamiza kifuniko, nikalala.

Sasa ndoto.

Naota niko kibandani kwangu mchana kweupe, nashona kola. Cherehani inasimama yenyewe.

"Siwema," inasema, "unaitwa juu."

"Juu wapi? Hapa juu kuna bati."

"Ghorofa ya saba. Chukua ulichokusudia kupeleka, usichukue ulichoambiwa upeleke."

Cherehani ile haijawahi kunidanganya hata siku moja, isipokuwa kwenye vitambaa vya nailoni. Nikatoa mbeleko sandukuni, nikaitia kwapani. Mkasi wangu uko shingoni, nimeufunga kwa utepe kama siku zote. Ninaangalia chini ya pedali, naona ngazi za umeme zinapanda. Kwa nini ngazi za kupanda zianzie chini ya pedali sikuuliza. Nilikanyaga, zikanichukua.

Ghorofa ya saba ni duka, duka safi kiasi kwamba unaona aibu kupumua. Hakuna mnunuzi. Kuna kibao kimeandikwa ZAWADI ZA WATOTO WACHANGA: UKAGUZI, na chini yake kaunta, na nyuma ya kaunta kasimama Bahasha. Bahasha kweli, ya karatasi, ndefu kunizidi, nyeupe, tumboni kafungwa kamba nyekundu na nyeupe, fundo la kipepeo.

Akainama. "Karibu sana, mheshimiwa mteja. Samahani kwa kukusubirisha."

"Sijasubiri. Ndiyo kwanza nafika."

"Samahani kwa kutokukusubirisha."

Nikainama nami, maana sikulelewa porini. Akatoa kalamu, akaanza kunihesabu.

"Mikono miwili, miguu miwili. Vinne. Hupiti."

"Na kichwa je?"

Akafikiri. "Kichwa kinafanya vitano. Vizuri sana. Ni kipya?"

"Kina miaka hamsini na sita."

"Kimetumika?"

"Kila siku. Wapo wanaotunza vyao, mie changu nakitumia."

Akaandika, akanigonga muhuri mkononi: KIMETUMIKA. Wino ulikuwa baridi. Halafu akauona mkasi, akarudi nyuma hatua mbili, kamba yake ikatetemeka.

"Kinakata udugu hicho!"

Sijafungua mdomo, zimekuja glavu mbili nyeupe, glavu tu, hakuna mtu ndani, zimeuvua mkasi shingoni kwangu na kuukalisha kwenye kiti kidogo cha mtoto, umeelekezwa ukutani.

"Mie nimekata sare za watoto elfu tatu," mkasi unalalamika. "Sijakata udugu wa mtu."

"Tazama ukutani, tafadhali," anasema Bahasha kwa heshima zote.

Nikaambiwa nikakae na wenzangu waliotangulia. Wenzangu walikuwa watatu, wameketi benchini, kila mmoja kasharudishiwa nusu yake. Mzee mmoja alitoa tikiti, kapakata nusu tikiti, maji yanamchuruzika magotini. Dada mmoja alitoa jozi ya viatu vya kitoto, kashika kiatu kimoja cha kushoto. Wa tatu alitoa wimbo wa kubembeleza, akarudishiwa nusu. Kila akiuanza, unaishia katikati. Aliniambia hajalala tangu Machi.

"Na hamkusema kitu?" nikawauliza.

"Ndiyo adabu," wakajibu, wa tatu akaishia kwenye "ada".

Nikasema moyoni, haya, mie hawajanijua bado.

Mlango unafunguka, anaingia mkubwa wa idara. Ni Keki ya Nepi. Kwa asiyejua, kule watu wanaviringisha nepi mia, wanazipanga ghorofa tatu kama keki ya harusi, wanafunga utepe, ndiyo zawadi. Zulfa aliwahi kunionyesha picha. Huyu alikuwa mrefu hadi dari. Ghorofa ya chini inaanza sentensi kwa sauti nzito, ya kati inaiendeleza, ya juu inaimalizia kwa sauti ya kinanda.

"Bibi wa Korogwe," ikasema ya chini.

"tayari ameshaandikwa," ikasema ya kati.

"daftarini," ikamaliza ya juu.

Likafunguliwa daftari kubwa mbele yangu. Keki inanieleza kwamba kila mtu anaandikwa kwa alichotoa, na mtoto akikua atalisoma, hivyo ndivyo atakavyowajua watu wake. Nikasoma. Shangazi wa Osaka: kijiko cha fedha. Wafanyakazi wenzake na baba: keki ya nepi. Hapo Keki ikajiinamia yenyewe kwa heshima. Mstari wa tatu: Bibi wa Korogwe, taulo tano.

"Siwema yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuna Siwema. Kuna taulo tano."

Nyuma ya ukuta kunasikika darasa. Mwalimu anauliza, mtoto wa kike wa miaka kama sita anajibu. Sauti ni ya Zulfa akiwa mdogo, ila si Zulfa.

"Sumire, bibi yako wa kule mbali ni nani?"

"Ni taulo tano."

"Anafananaje?"

"Ana pembe nne. Anakausha maji vizuri."

"Unampenda?"

"Yupo kabatini," akasema mtoto.

Darasa zima likapiga makofi. Mie nikapandwa na hasira. Nimepandwa mara nyingi maishani, nimewahi kumfukuza bwana mmoja wa kamati ya shule na rula ya mbao, lakini siyo hivi.

"Futa," nikasema.

"Kalamu yetu," "haina," "kifutio."

"Basi andika mstari mwingine, maana mie si taulo! Unaiona hii?" Nikaikunjua mbeleko, nikaitandika juu ya kaunta yao safi. "Nimembeba mama yake huyu mtoto humu miaka miwili. Mguu pedalini, mikono kwenye kitambaa, yeye mgongoni, kila nikivuta kitambaa kichwa chake kinanigonga hapa katikati ya mabega. Alijifunza kulala kwa mlio wa cherehani. Alitapika humu, aliota meno humu, alipata surua humu akapona humu humu. Sina kijiko cha fedha. Nina hii, na mtoto ataipata."

Keki ikainama kuitazama. Ghorofa ya juu ikainusa.

"Imetumika," zikasema zote tatu kwa pamoja.

"Ndiyo, imetumika! Ingekuwa mpya ningekuwa sijabeba mtu!"

Wale watatu benchini wakasimama. Mzee wa tikiti akaliachia tikiti likaanguka.

"Mheshimiwa mteja," anasema Bahasha, "duka limefungwa. Tunakushukuru sana kwa kutotembelea tena."

"Sitoki."

"Samahani?"

"Nimesema sitoki." Nikaketi chini, palepale sakafuni, nikanyoosha miguu, nikaipakata mbeleko. "Leteni hizo glavu zenu. Leteni na polisi wenu, na yeye akiwa bahasha nitamgongea stempu. Sitoki mpaka mjukuu wangu ajue ana bibi!"

Keki ikapiga kengele. Sakafu ikateleza kwa mbele kidogo, na duka halikuwepo tena.

Nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba ya Zulfa, kule Nagoya. Nakijua, nimekiona kwenye simu. Viatu vimepangwa, pua zote zinaelekea mlangoni. Vikanisalimu, nikaitikia. Bahasha na Keki wamekuja nami na wanahangaika, maana mle ndani lazima uvue viatu na wao hawana miguu. Keki mwisho ikavua sinia lake. Mkasi nao upo, kwenye kiti chake kidogo, bado unatazama ukuta, ila ukuta ni mwingine.

Kilio cha mtoto kinatoka ndani. Halafu anatokea Mama Shuhei.

Mie na Mama Shuhei, Bi Chizuru, tulikutana mara moja tu kwenye simu ya picha. Yeye aliinama, mie nikainama, yeye akainama tena, nikaona nisishindwe, mpaka Zulfa akakata simu. Ni mama mdogo wa umbo, kanizidi miaka saba. Katika ndoto kavaa aproni ya kijivu, kampakata Sumire, na Sumire analia uso umekuwa mwekundu.

"Shikamoo, Mama Shuhei."

"Marahaba, Mama Zulfa. Pole na safari, pita ndani jamani, mbona umekaa mlangoni?" Kiswahili chake ni cha sokoni Korogwe kabisa. Sikushangaa, niliona ndivyo inavyotakiwa.

"Mtoto ana nini?"

"Analia tangu juzi. Maziwa hataki, kitanda hataki. Mtoto kama huyu anataka mgongo tu."

"Hata mie ningesema hivyo hivyo."

Akamtazama Keki kwa jicho la wizi, akasogea karibu yangu, akashusha sauti. "Nilisema. Sikusikilizwa."

Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kamba pana ya kitambaa cha bluu, ndefu, imepauka, kingo zimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Nilimbebea Shuhei hii," akasema. "Miaka thelathini na mbili iko kabatini. Mtoto alipozaliwa nikaileta. Nikaambiwa siku hizi kuna mikoba ya kubebea ya kisasa, ina vifungo, hii imetumika."

"Nani kakwambia?"

"Shuhei mwenyewe. Taratibu, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa."

Tukatazamana. Nikwambie kweli, tangu jioni nilikuwa nimemwekea mama huyu kinyongo. Yeye ndiye mbebaji, mie ndiye taulo. Nilikuwa nimeshamtungia na maneno ya kumwambia siku tukikutana, makali, yamepangika vizuri. Yote nikayaacha palepale mlangoni pamoja na viatu.

"Hebu nipe mtoto," nikasema.

"Kuna suala la fundo," akaingilia Bahasha.

Nikageuka. "Fundo lina nini?"

"Zawadi ya mtoto lazima iwe na fundo la kufungika na kufunguka. Ni kanuni ya kwanza."

"Sasa wewe mbeleko unaifunga na nini, misumari?" Nikaipitisha mgongoni, nikaifunga kifuani, nikaifungua, nikafunga, nikafungua. "Hivi hivi kwa miaka miwili. Mara sita kwa siku. Piga hesabu."

Bahasha anapiga hesabu, anavimba ubavuni. "Mara elfu nne, mia tatu na themanini."

"Ina nne humo," Keki ikasema haraka haraka. "Haipiti."

"Tia na siku za homa. Siku za homa ilikuwa mara kumi na mbili."

Bahasha akahesabu tena. "Elfu tano na mia moja." Akatazama tumbo lake. "Elfu tano inapita."

"Na hilo lako limefunguliwa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Hata mara moja. Sisi tunafungwa kiwandani."

"Unataka nikufungue?"

"Samahani kwa usumbufu," akasema, sauti ndogo.

Nikavuta ncha moja ya kamba, ikateleza, Bahasha akafunguka mdomo wote. Akashusha pumzi ndefu sana. Ndani hamkuwa na kitu. Akalala sakafuni chali katikati ya viatu, na kwa mkono mmoja akaandika kwenye fomu: inapita.

Keki imebaki peke yake, na imekasirika, nepi za pembeni zimeanza kulegea.

"Nusu," ikasema ya chini, "lazima," ikasema ya kati, "irudi Korogwe!"

"Haya, kateni."

"Haikatwi. Kukata ni kukata udugu."

"Basi mtoto achukue yote."

"Haiwezekani. Nusu irudi."

"Basi irudi!"

"Haikatwi!"

Sasa ghorofa zenyewe zinagombana. Ya chini inasema irudi, ya kati inasema isikatwe, ya juu inalia. Utepe wa kiunoni umeanza kuachia. Mkasi unacheka kule ukutani, peke yake.

Nami nikacheka. Nilicheka mpaka Mama Shuhei akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Nyie mmekaa ghorofa ya saba miaka yote hiyo," nikawaambia, "na hamjui kanga inavyogawanywa? Nani kawaambia inakatwa na mkasi? Kanga inachanwa! Mkasi unakwenda anakotaka mwenye mkasi. Mkono unafuata uzi."

Nikaupeleka ukingo wa mbeleko mdomoni, nikaung'ata katikati, ukapata mdomo mdogo. Mama Shuhei akamlaza Sumire kidogo juu ya Bahasha, aliyesema si tatizo kabisa. Nikampa Mama Shuhei upande mmoja.

"Shika hapo. Nikisema vuta, vuta. Usiionee huruma."

"Itaumia?"

"Imebeba mtoto mwenye surua hii. Vuta!"

Yeye anavuta akielekea jikoni, mie navuta nikielekea mlangoni. Chrrrr! Mlio ulienea nyumba nzima. Viatu vyote vikageuka kutazama. Ikachanika kwa urefu, imenyooka, uzi hata mmoja haukupinda. Mkononi mwake nusu, mkononi mwangu nusu, urefu uleule, upana wa kumtosha mtoto wa siku ishirini na nne, na zaidi ya hapo hahitaji.

"Hii inabaki kwa mtoto," nikaiambia Keki, "na hii inarudi Korogwe. Una la kuongeza?"

Nepi moja ilidondoka kutoka ghorofa ya kati, ikabingiria mpaka ukutani.

Nikamwinua Sumire. Ndiyo mara ya kwanza kumshika, na sitaki mtu aniambie kwamba ndotoni haihesabiki. Alikuwa na joto, ananuka maziwa, na kisogo chake kilikuwa na kile kishimo alichokuwa nacho Zulfa. Nililia. Nililia kwa furaha na kwa hasira, kwa zile siku ishirini na nne zote na kwa nusu kichwa cha kwenye simu. Nilimshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mama Shuhei akajifanya anapanga viatu.

Nilipotosheka nikamwita. "Njoo, Mama Shuhei. Wewe ndiye mbebaji, na upande wa mama ndio unaotoa nguo. Mie sivunji mila ya mtu. Inama."

"Hivi?"

"Zaidi. Toa makalio nje, usione haya, hapa wote ni wa nyumbani."

Akainama. Nikamweka mtoto mgongoni kwake, miguu huku na huku, nikafunga mbeleko, nikamwonyesha mahali pa fundo. Ile kamba yake ya bluu tukaipitisha juu, ikazunguka kifuani, ikashika barabara. Vyote viwili vilikuwa vimetumika. Mama Shuhei akasimama, akayumba kidogo, akaanza kutembeatembea, akivuma wimbo ambao sikuujua. Kumbe yule wa benchini mwenye nusu wimbo aliutambua, maana nilimsikia kutoka mbali anaumalizia.

Kilio kikakatika. Sumire akafungua jicho moja, akanitazama vizuri kutoka juu hadi chini.

"Mbona wewe si taulo?" akasema.

"Siyo. Nani kakudanganya?"

Akafikiri, akaridhika, akalala.

Daftari lilikuwa limeachwa sakafuni. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikachukua kalamu isiyo na kifutio, nikaandika mwenyewe kwa herufi kubwa chini ya taulo tano: SIWEMA. BIBI. NIPO. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

"Urudi salama, Mama Zulfa," anasema Mama Shuhei, anainama, na mtoto mgongoni anainama naye.

Nami nikainama, na hapo ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jua lishaingia dirishani. Nikabaki kitandani nimekasirika upya, maana mikono ilikuwa mitupu. Nikaona potelea mbali, ndoto ni ndoto. Nikaamka. Kifurushi cha taulo kiko juu ya cherehani na selotepu yake, hakijaguswa. Mkasi uko msumarini. Nikaenda sandukuni, niitazame tu mbeleko yangu, niikunje vizuri nilipoibamiza jana.

Nikaikunjua. Mikono yangu ikajua kabla ya macho, maana miaka yote hii nimepima vitambaa kwa mikono. Urefu ni uleule. Upana ni nusu. Ukingo wa upande mmoja una pindo langu la zamani, wa upande wa pili unachuruzika nyuzi. Nikaipeleka kwenye mwanga. Haikukatwa ile. Imechanwa, imenyooka na uzi, na kwenye ncha kuna alama ya meno.

Niliketi kitini nayo mapajani. Simu ikaita. Ilikuwa saa moja asubuhi kwetu, kwao saa saba mchana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Taulo umeshafunga?"

"Zimefungwa. Mtoto mbona kimya leo?"

"Amelala!" Zulfa alikuwa na furaha. "Tangu asubuhi, Mama, siamini. Siku mbili hizi katulilia mpaka basi. Mama Shuhei kaja mapema, kambeba mgongoni, sasa hivi anaosha naye vyombo."

"Mgongoni," nikasema. "Kamfunga na nini?"

Simu ikanyamaza. Safari hii sikudhani ni mtandao. Nilisikia hatua za kandambili, nikasikia maji ya bomba yanafungwa, nikamsikia mwanangu anavuta pumzi.

"Mama," akasema taratibu, na haikuwa ile sauti ya mgonjwa. "Hiki kitambaa..."

Nilikuwa nimeshatunga uzi kwenye sindano.

"Mwambie Mama Shuhei," nikasema, "ule upande uliochanika aupinde leo leo, usije ukafumuka. Wa kwangu naupinda sasa hivi."